Barua Zinazopita na Zisizoandikwa

Niliwahi kuketi katika kamati ya misaada ya kampuni moja hapa Dar es Salaam, na kazi yetu kubwa ilikuwa kusoma barua. Muhuri wa shule, saini ya mwalimu mkuu, ya mtendaji wa kata pia, kisha ombi lenyewe: madawati, mabati, vitanda vya zahanati. Hivyo ndivyo kampuni nyingi hutoa. Benki ya NMB, kwa mfano, hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na vitu vya namna hiyo ndivyo tunavyozoea kuona vikikabidhiwa. Sioni ubaya wake. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, shule za Mbagala zilifurika, na mtoto anayesomea sakafuni akipata dawati amepata kitu cha kweli.

Kilichonisumbua, na kinanisumbua hadi leo, ni barua ambazo haziandikwi. Choo cha shule kikijaa, gari la majitaka huitwa, hulipwa, na baada ya muda huitwa tena. Sikuona ombi la fedha hizo hata moja. Nadhani walimu wakuu walishatusoma: hapo hakuna cha kukabidhi, hakuna pa kuandika jina la kampuni, na mwakani hitaji litarudi lilelile.

Si kila kampuni hujiamulia itoe nini. Kwenye migodi, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2017 humtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii. Benki au kampuni ya simu iliyopo Temeke au Kinondoni hujiamulia. Kuna wakati nilitamani sheria ya namna ile ije mjini, halafu nikamfikiria mpangaji wa Tandale anayetoka alfajiri kwenda kibaruani na kurudi usiku. Mkutano wa mtaa humkuta hayupo. Halmashauri ingemsikia vipi zaidi yetu sisi? Hapo ndipo ninapokwama, na bado sijajinasua.

Katika kamati tulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu. Kila jengo lilipojadiliwa aliuliza, "Wanangu, maji ya kudekia atalipa nani?" Ndiye aliyetusukuma tukazitembelee shule wenyewe. Tulikwenda shule moja na gari la kampuni, tukapokewa kwa nyimbo, tukaulizia mahitaji, tukajibiwa: madawati.

Mama yule alibaki nyuma na wasichana wa darasa la saba. Alirudi garini akiwa kimya, na tulipomuuliza akasema wanachokitaka ni makomeo ya milango ya choo, maana sasa mmoja akiingia mwenzake husimama nje kuushikilia mlango. Fomu yetu ya maombi ilikuwa na kiwango cha chini cha ombi, na makomeo ya shule nzima hayakukifikia. Tulichanga wenyewe, yakanunuliwa. Fomu haikubadilika, na shule nyingine hatukuziuliza.