Mapipa Nyuma ya Karakana

Kwa miaka mingi niliandaa mafuvu ya kufundishia katika chuo cha wanyamapori, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mizoga ililetwa kutoka mbugani: ngiri, nyumbu, swala pala, fisi waliogongwa na magari. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani sikumgusa. Huyo ni wa daktari wa mifugo, maana kimeta hakisamehi.

Nilichuna ngozi, nikatoa macho, ulimi na ubongo, kisha nikazamisha fuvu katika pipa la maji. Kuanzia hapo kazi ni ya bakteria. Hula nyama hata kwenye mianya ambayo kisu hakifiki. Wanataka joto, na mlimani usiku ni baridi, kwa hiyo nilitumia mapipa meusi yaliyokaa juani na kufunikwa wavu wa chuma, mbwa wasipekue. Nilipendelea maji ya mvua, kwani klorini ya bombani huwaua bakteria haohao. Nilipobadilisha maji nilibakiza kiasi cha yale ya zamani. Harufu yake ni kali mno, huganda kwenye nguo na nywele; nyumbani nilioga uani kabla ya kuingia ndani.

"Shikamoo mzee. Si tulichemshe tu, tumalize leo?" Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza hivyo. Nilimwekea mezani mafuvu mawili ya fisi. Lililochemshwa lilikuwa la manjano, mafuta yamezama mfupani, chonge zimepasuka. La majini lilikuwa bado na ile mifupa ya ndani ya pua, myembamba, yenye mikunjo mingi, inayomsaidia fisi kunusa. Nilimwacha aichungulie kwa tochi.

Lakini maji nayo hulegeza meno ya mzizi mmoja, yakaanguka. Sikumwaga pipa bila chujio, na tope lililobaki nililipapasa kwa vidole, kwani jino la mbele la digidigi ni kama punje ya mchele. Umri wa mnyama husomwa menoni. Mwaka 1966 Richard Laws alichapisha njia ya kukadiria umri wa tembo kwa magego ya taya la chini, kutokana na mataya ya tembo wa Uganda. Tembo huota magego sita, moja baada ya jingine, kila upande wa taya. Taya lake halikuingia katika mapipa yangu; hilo tuliwaachia wadudu na jua.

Baada ya maji ya kuozesha yalifuata maji vuguvugu yenye sabuni ya kutoa mafuta, na ngiri huchosha hapo. Kisha nilikausha kivulini. Dawa ya klorini ya kufulia sikuiruhusu karakanani, kwani huula mfupa hadi ukawa unga.

Mwisho niliandika kwa wino, juu ya mfupa wenyewe, mahali mnyama alipopatikana, tarehe na jinsia. Fuvu lililoletwa bila habari hizo sikulipokea, hata lingekuwa zuri namna gani.