Setilaiti inaona, lakini nani anabonyeza?

Leo naweka misimbo kando niongee juu ya makombora. Usikimbie, hii bado ni stori ya programu.

Mwaka 2025 Marekani ilitangaza Golden Dome, mpango wa kukinga nchi hiyo dhidi ya makombora, na sehemu kubwa ya mitambo yake inakusudiwa kukaa anga za juu. Rais Donald Trump alitia saini amri tarehe 27 Januari, na mwezi Mei akataja gharama ya dola bilioni 175. Wengi waliandika kuhusu pesa. Mimi nilivutiwa na jambo lingine. Ukiuchora mfumo huo kwenye karatasi utapata visanduku vingi, na kila kisanduku kina mwenyewe.

Haya, tuvihesabu. Wanaoona kwanza ni setilaiti za SBIRS, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zinazotambua joto la roketi inaporuka. Hizo zinaendeshwa na jeshi la anga za juu la Marekani, lililoundwa Desemba 2019. Ndani ya jeshi hilo kuna SDA, shirika lililoanzishwa 2019 na kuingizwa humo Oktoba 2022. Kazi yake ni kutandaza setilaiti ndogo nyingi zinazozunguka karibu zaidi na dunia. Kisha kuna MDA, shirika la ulinzi dhidi ya makombora, linalobuni na kujaribu mitambo ya kudungua. Na walio tayari kubonyeza kitufe cha makombora ya kudungua yaliyo Fort Greely, Alaska, ni askari wa akiba wa jimbo hilo. Hao hawamo katika shirika lolote kati ya hayo niliyotaja.

Tarehe 14 Februari 2024 roketi moja ilibeba setilaiti nne za SDA na mbili za MDA. Utauliza, mbona wapeleke mashirika mawili kufanya kazi moja? Si kazi moja. Za SDA ni za kutazama eneo pana na kufuata kombora linakoelekea. Zile mbili za MDA ni za kupima mahali lilipo kwa usahihi unaotosha kumwelekeza mdunguaji. Kujua kwamba gari linakuja si sawa na kujua liko mita ngapi kutoka kwako.

Hapa Sagana utaona mgawanyo kama huo ukipanda matatu. Makanga akigonga bodi, dereva anasimama bila kugeuka. Hajamwona abiria anayeshuka, ameamini mlio tu. Inafaulu kwa sababu wote wawili wamekubaliana mlio gani ni wa kusimama na upi ni wa kwenda. Sisi watengenezaji programu tunaita makubaliano hayo kiolesura, na mwenye kazi yetu atakuambia kwamba mifumo huharibika zaidi pale kiolesura kilipo kuliko ndani ya kisanduku chenyewe.

Mfano ninaoukumbuka sana ni Dhahran, Saudi Arabia. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani na kuua 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo haukurusha kitu. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kamili kwa sufuri na moja. Katika nafasi ya biti 24, kijisehemu kidogo kilikatwa kila mara. Mtambo ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa likawa limefika sekunde 0.34. Kwa mwendo wa Scud, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatafuta kombora mahali ambapo halikuwapo.

Lakini angalia tarehe. Waisraeli, waliokuwa na mtambo huo huo, waliwapa Wamarekani data kuhusu tatizo hilo tarehe 11 Februari. Programu iliyorekebishwa ilitolewa tarehe 16. Tarehe 21 askari walitumiwa ujumbe kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaleta hitilafu, bila kuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo. Hesabu ya biti ilikuwa imeshajulikana. Kilichochelewa ni safari yake kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

Kwa hiyo tuondoe mipaka yote, kila kitu kiwe chini ya mtu mmoja na kompyuta moja? Ngoja kwanza. Tarehe 26 Septemba 1983, setilaiti za Umoja wa Kisovieti ziliripoti kwamba makombora matano yamerushwa kutoka Marekani. Luteni kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu. Kazi yake ilikuwa kutazama na kutoa taarifa juu, si kurusha. Aliona kwamba hakuna mtu anayeanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano, akaripoti kuwa ni hitilafu. Baadaye ikajulikana setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Hapo mpaka kati ya anayeona na anayepiga uliokoa watu, kwa kuwa ulimpa binadamu nafasi ya kutilia shaka.

Sasa ona ugumu wa mpango mpya. Kombora la masafa marefu husafiri kama dakika 30, lakini injini zake huwaka kwa dakika tatu hadi tano tu. Silaha za kudungua zikikaa anga za juu ili kulipiga likiwa bado linawaka, basi kuona, kupima, kuamua na kurusha lazima kutoshee humo. Mei 2025 Jenerali Michael Guetlein alipewa mpango mzima ausimamie, ili visanduku vizungumze. Swali langu ni kama Petrov atapata kiti humo.

Sisi Kenya hatuna ngao ya makombora, ila mipaka ya majukumu tunayo. Shirika letu la anga za juu, KSA, lilianzishwa 2017 chini ya Wizara ya Ulinzi, ingawa setilaiti yetu Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, ni ya kupiga picha za mashamba na mazingira. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500, yenye upana wa mita 2.5, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. KSA ilisema ni kipande cha roketi. Maafisa wake walifika siku iliyofuata wakishirikiana na vyombo vingine. Walioona kwanza walikuwa wanakijiji, si rada wala setilaiti.

Vitu vya kuanguka vitazidi, maana kila mmoja anarusha vyake. Kabla hatujanunua mitambo ya kutazama juu, ningependa tuandike ukurasa mmoja tu: mwanakijiji akiona kitu, anampigia nani, na huyo anampigia nani, kwa dakika ngapi. Ukurasa huo hauhitaji roketi.

Haya, tuonane tena.