Shaba ya mwilini: ugonjwa mmoja, sura nyingi



Mimi ni mtoto wa Likasi. Tangu mji ukiitwa Jadotville, shaba ndiyo iliyotulisha, na Shituru bado wanaisafisha. Wazee wetu waliofua misalaba ya shaba waliitwa walaji wa shaba. Basi nikiwaambia watu kwamba kuna ugonjwa wa shaba kujaa mwilini, wananijibu mara moja: ni vumbi la mgodi. Vumbi lina shida zake, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima metali katika mkojo wa wanaokaa karibu na migodi. Lakini huu wa leo unarithiwa kwa baba na mama.

Unaitwa ugonjwa wa Wilson, jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1912. Sisi sote tunakula shaba kidogo, katika karanga, maini na uyoga, na mwili unaihitaji. Inayozidi, ini huitoa pamoja na nyongo, ikaenda na choo. Mgonjwa wa Wilson amerithi kasoro katika kazi hiyo. Shaba inabaki kwenye ini, halafu inaingia kwenye ubongo na macho. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima, kila mmoja amebeba kasoro bila kujua. Kwa kila mimba yao, nafasi ya mtoto kuugua ni moja kati ya nne. Ni ugonjwa wa nadra: hukadiriwa mtu 1 kati ya 30,000.

Kinachowachanganya watu ni sura zake. Mtoto wa miaka 10 macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa maji. Kijana wa miaka 20 mikono inatetemeka, maneno yanakwama, mate yanamtoka. Jirani wanasema ni pombe. Mwingine anabadilika tabia, anashindwa masomo, anafoka bila sababu. Hapo ndipo neno ulozi linapoingia nyumbani, na sote tunajua mtoto aliyepewa jina hilo anavyoishia barabarani. Hata watoto wa tumbo moja hawafanani: mmoja ini limeharibika, mdogo wake anatetemeka, wa tatu anacheza mpira huku shaba ikijikusanya kimya.

Ndiyo maana ninazisemesha hasa familia zilizotawanyika. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi walifukuzwa hapa, wakalala kwenye kituo cha treni wakingoja safari. Baadaye wengine walikuja wakikimbia vita vya Mitwaba na Pweto. Daktari akiuliza kama kuna ndugu aliyekufa kwa ini au aliyetetemeka akiwa kijana, jibu huenda analo shangazi aliyeko Mbuji-Mayi. Mpigie simu. Na mmoja akithibitishwa kuwa nao, ndugu zake wote wa baba na mama wapimwe, hata walio wazima.

Vipimo ni vya damu, mkojo wa saa 24, na macho: mara nyingi daktari wa macho huona duara la rangi ya kahawia kuzunguka mboni. Dawa zipo. Penisilamini huvuta shaba itoke kwa mkojo; zinki huizuia isiingie kutoka tumboni. Hiyo ni zinki ya dawa, kwa kipimo cha daktari. Msiokote jiwe la Kipushi mkalisaga. Dawa hizi ni za maisha yote. Anayeziacha kwa kuwa amepata nafuu anaweza kufa, na hatari hiyo ni kubwa kwa aliyehama ghafla, karatasi zake zikabaki nyuma. Andikeni jina la dawa mahali mnapoweka kadi ya uchaguzi, mkimbie nalo.

Akianza dawa mapema, mgonjwa anaweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa na kulea watoto. Kabla hamjampeleka mtoto anayetetemeka kwenye maombi ya kumtoa pepo, mpelekeni kwanza akapimwe ini na macho.