Sonona Ufipa: Tunatibu, Lakini Hatuulizi

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu aliniletea pendekezo la utafiti. Alitaka kujua watu wenye sonona wanathamini nini zaidi wanapochagua tiba: nguvu ya dawa, gharama, umbali, au jambo jingine. Akaniuliza kama swali hilo lina uzito wa kutosha. Nilimjibu kwamba lina uzito, tena kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kisha nikamwomba arudi kesho yake. Leo naandika sababu ya ukali ule.

Dada yangu mkubwa ni mkulima wa mahindi, maharage na ulezi katika kijiji kilichoko kusini ya Sumbawanga, upande wa Laela. Ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Mumewe alifariki mwaka 2016. Msiba ulipokwisha, sisi sote tulirudi kwenye shughuli zetu, naye akabaki na watoto wanne na shamba. Mwaka uliofuata akaanza kunyamaza. Alilala bila kupumzika, akala bila kuonja, na asubuhi alikaa kwenye kigoda kando ya moto bila kuongeza kuni. Kijijini hakuna aliyeita hali ile sonona. Yeye mwenyewe alisema tu, "Moyo umekuwa mzito, mdogo wangu."

Shangazi yetu ndiye aliyetangulia kuchukua hatua, akampeleka kwa mganga. Msomaji asiyetoka kwetu atatabasamu hapo. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na sisi wenyeji tumechoshwa na mizaha ya huko mabasini na maofisini. Lakini tusitabasamu haraka. Dada alinieleza baadaye kwamba mganga yule alimsikiliza tangu asubuhi hadi jua la utosi. Alimwuliza habari za ndoa, za deni la mbolea, za ndoto. Shangazi na shemeji walikaa pale pale, wakasikia mambo ambayo hawakuwahi kuyasikia. Kisha mganga akaharibu yote: akamtaja jirani, bibi kizee mjane, kuwa ndiye chanzo. Dada akainuka, akaenda zake. "Sikutaka kupona kwa kumtaja mtu," aliniambia. Katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, kauli ile ilikuwa na hekima kuliko makala zangu nyingi.

Hapo nikaingia mimi, msomi wa familia. Kijijini huniita Daktari, ingawa wazee huongeza kwa utani, "daktari wa vitabu." Mwezi wa Novemba 2017 nilimpandisha dada basi, nikampeleka katika hospitali kubwa nje ya mkoa wetu, ambayo sitaitaja. Niliamini ninamchagulia kilicho bora: mtaalamu bingwa, jengo la ghorofa, dawa halisi. Mtaalamu alinisalimu kwa cheo changu, akazungumza nami, sehemu kubwa kwa Kiingereza, huku dada akitazama sakafu. Hatukumaliza dakika kumi. Tukatoka na vidonge na tarehe ya kurudi baada ya mwezi.

Nilipokwenda kijijini kwa Krismasi, nilikuta vidonge vimefichwa kwenye kopo la mbegu, havijapungua hata nusu. Nilikasirika. Nikamhoji kama mwalimu anavyomhoji mwanafunzi aliyekosa kuleta kazi. Naye akanijibu kwa utulivu, "Hukuniuliza."

Kisha akaniambia yale ambayo ningeyajua miezi miwili kabla kama ningemwuliza. Vidonge vilimlaza hadi jua likapanda, na palizi haimsubiri mtu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikaribia bei ya debe la maharage, na maharage yale yalikuwa daftari na sare za watoto. Majirani walikwisha kusema kwamba amepelekwa kwa wendawazimu, na binti yake alitaniwa shuleni. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa ya namna ile huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo alipoona usingizi umekuja na huzuni haijaondoka, aliamini imeshindwa. Mwisho akasema jambo ambalo sijalisahau: "Yule daktari hakuniangalia."

Basi nikamwuliza, kwa kuchelewa, anataka nini. Hakutaja kupona. Alitaka mtu wa kumsikiliza, aliye karibu, ambaye habari zake hazitafika kisimani kabla yeye hajafika. Alitaka pia awe na nguvu ya kushika jembe asubuhi.

Mtu huyo alikuwepo. Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, alikubali kumpokea mchana, wagonjwa wakishapungua, na kijiji kikaambiwa kwamba anakwenda kupima presha. Kwa msaada wa tabibu wa wilaya, ambaye alimweleza yeye mwenyewe kwa Kiswahili, dawa ilibadilishiwa kipimo na ikawa inamezwa usiku. Dada alikubali kuimeza kwa sababu sasa alijua inafanya nini na itachukua muda gani. Haikuwa muujiza. Ilichukua karibu mwaka mzima, na zipo siku zilizorudi nyuma. Lakini msimu uliofuata alipalilia shamba lake mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo nikiwa mwanafunzi mwema aliyejifunza. Ukweli ni kwamba nililielewa jambo hili barabara pale liliponipata mimi. Mwaka 2021 niliumwa maradhi yale yale. Niliingia darasani nikafundisha, nikatoka, nikakaa ndani ya gari nisijue niende wapi. Nilikuwa na bima, mshahara, na marafiki madaktari. Nilichagua nini? Nilikwenda mji mwingine ambako hakuna mwanafunzi angeniona kwenye foleni. Nililipa fedha taslimu ili kadi ya bima isiache kumbukumbu. Sikuuliza mtaalamu yule ana shahada ngapi. Nilichotafuta kwanza ni siri, na pili ni mtu atakayenitazama machoni. Yaani nilichagua kwa vigezo vile vile vya dada yangu, vile nilivyoviita ukaidi wa mwanakijiji. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: mimi nilikuwa na uwezo wa kuinunua siri.

Haya si masimulizi ya familia moja tu. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wanaielezaje huzuni ya namna hii. Kisha wakaunda vikundi vya mazungumzo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na watu wa maeneo yale yale waliopewa mafunzo mafupi, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, walio wengi katika pande zote mbili walikuwa na vigezo vya sonona kali. Baadaye, miongoni mwa waliohudhuria vikundi walibaki takriban 7 katika kila 100. Miongoni mwa wasiohudhuria, takriban 55.

Nako Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 walioketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Ni bibi wale waliomshauri aliite Benchi la Urafiki. Watu wakaja. Huduma ilikuwa ile ile; kilichoondoka ni aibu ya kuonekana umeketi pale.

Simaanishi kwamba dawa hazina maana au kwamba mazungumzo yanatosha kwa kila mtu. Wapo ambao bila dawa, na wakati mwingine bila kulazwa, tungewazika. Ninachosema ni kwamba dawa isiyomezwa haimtibu mtu, na mgonjwa huamua kuimeza au kuificha kwa kupima mambo ambayo fomu zetu haziulizi: nani atajua, nani atanisikiliza, nitafika vipi, kesho nitalima?

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Tulikuwa na mpango uliotangazwa mwaka 2007 wa kujenga zahanati kila kijiji, na majengo mengi yapo. Kinachopungua ndani yake ni chumba chenye mlango unaofungwa, na nusu saa ya muuguzi asiyesukumwa na foleni. Wakati huo huo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyefika ukingoni tunamtaka aje aseme, na akisema tunampa sababu ya kuogopa. Wanaharakati wanaotafuta la kudai, waanze na hayo mawili: mlango wa chumba na kifungu hicho.

Mwanafunzi wangu alirudi kesho yake. Nimekubali kumsimamia, kwa sharti kwamba aanze kwa kukaa na watu kabla ya kuandika hojaji, maana hojaji huuliza lile ambalo mtafiti amekwisha kulifikiri.

Juzi nilimpigia dada kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alikuwa shambani, nilisikia upepo kwenye simu. Akacheka kidogo, akasema, "Andika. Safari hii umeuliza."