Mbwa Anayeshikika

Kwa miaka mingi ushauri wa kufuga mbwa pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ulitoshea pumzi moja: mfunge mchana, mfungue usiku, usimzoeshe watu. Aliyetaka mbwa mkali kupita wengine aliongezewa masharti. Mtilie pilipili kwenye bugali, mlaze gizani, mtoto asimchezee, mgeni asimrushie hata mfupa, na akikosea apigwe pale pale mpaka alie. Mtu wa Fizi kule Kongo, wa Bujumbura na wa Kigali wangekupa ushauri huo karibu kwa maneno yale yale, na Mchewa wa vijiji vya Dowa vinavyoizunguka kambi angetikisa kichwa kukubali. Siku hizi wenye mbwa wakikutana kwenye foleni ya maji utawasikia wakiulizana habari za chanjo, dawa ya minyoo, na namna ya kumng'oa kupe kwa kumbana karibu na ngozi ili kichwa kisibaki ndani. Utasikia na swali ambalo zamani lingechekesha watu: mbwa wako anashikika? Wengi huyaeleza mabadiliko haya kuwa matunda ya huruma, kwamba watu wameelimika wakaanza kuwapenda wanyama. Huruma ipo, siikatai, lakini naona ilikuja nyuma. Iliyotangulia ni sindano ya kichaa cha mbwa, maana sindano haichomwi kwa mbwa asiyekubali kushikwa.

Tusiwacheke mapema mno waliotoa ushauri wa zamani. Kule walikotoka ulikuwa na mantiki yake. Shambani, nyumba moja iko mbali na nyingine, anayekaribia ua usiku wa manane hana habari njema, na mbwa anayemrukia kila asiyemjua anafanya kazi aliyowekewa. Hata hivyo tusisahau kwamba upande mwingine wa Kongo ulikuwepo utamaduni tofauti kabisa. Wawindaji wa misitu ya Ituri walifuga mbwa ambao hawabweki kama mbwa wengine, wakawavika kengele za mti shingoni ili wajue waliko kichakani. Mbwa wa namna hiyo hushikwa kila siku, huvishwa na kuvuliwa kengele, hubebwa kuvuka mto. Ukali wake ni kwa mnyama anayewindwa. Wazee waliosema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia walijua tabia ya mbwa hutoka kwa anayekaa naye, wala hawakutaja pilipili. Kwa hiyo mbwa wa mnyororo hakurithiwa kutoka zama za kale kama tunavyopenda kudai; ni mbwa wa ua na geti. Na kwa waliotoka Rwanda kulikuwa na jambo zito zaidi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mbwa walikula maiti za watu, askari wakawapiga risasi, na kwa muda mrefu baadaye mbwa walikuwa wachache nchini humo. Mtu aliyeyaona hayo akikataa mbwa asisogee mlangoni pake, hastahili kusomewa somo la upendo kwa wanyama.

Lilongwe nayo ilichangia heshima ya mbwa wa mnyororo. Mji huu ulifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975 badala ya Zomba, na maeneo yake ya wenye nacho, yanayoitwa kwa namba, yalijengwa kwa viwanja vikubwa, kuta ndefu na mlinzi getini. Pita Area 10 au Area 43 na utaona vibao vinavyokuonya kuhusu mbwa kabla hujaona nyumba yenyewe. Mara nyingi mbwa wa ua kama huo hana uhusiano na mwenye nyumba. Anayemlisha ni mlinzi, chakula chake ni nsima ya madeya, yaani ugali wa pumba, na vichwa vya dagaa wanaoitwa usipa, na kazi yake ni kuwa kitisho. Wakimbizi waliopanga mjini au kufanya biashara huko walimjua mbwa wa aina hiyo, wakamwona ni mbwa wa watu waliofanikiwa. Wengine walirudi naye Dzaleka kwa fikra, kama si kwa mwili, hasa baada ya Mei 2023, serikali ilipoanza kuwakusanya kwa nguvu waliokuwa wakiishi mijini na kuwarudisha kambini.

Lakini Dzaleka haina ua wa Area 10. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, pakafanywa kambi mwaka 1994, pakikusudiwa watu kama elfu kumi hivi. Leo wamepita 50,000. Kawale, Likuni, Lisungwi, nyumba za matofali mabichi zimeegemeana, na njia iliyo kati yake ni pana kiasi cha mwanamke na ndoo yake. Kamba ya mbwa ikiwa na urefu wa mita mbili, mita hizo zinakatiza njia ya watoto wa jirani kwenda bombani. Mbwa aliyefunzwa kumrukia kila asiyemjua, hapa hamrukii mwizi. Anamrukia mtoto wa darasa la pili. Kisha kinafuata kikao cha wazee, deni la hospitali na uadui wa majirani wawili waliokuwa wakiazimana jiko. Kumfunga hakumtulizi. Mbwa anapoogopa ana njia mbili, kukimbia au kuuma, na ukimfunga umemwachia moja. Kumficha asizoee watu ni kubaya zaidi, kwa sababu mtoto wa mbwa hujifunza ni nani wa kawaida na ni nani wa kutisha kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili ya maisha yake. Aliyefungiwa bandani wiki zote hizo atakuja kuiogopa baiskeli, mwavuli, mtoto anayekimbia na bibi mwenye fimbo. Ukali tuliokuwa tukiusifia ulikuwa woga tuliomtia wenyewe.

Hoja hii peke yake isingetosha kubadilisha watu, maana majirani waligombana miaka na mbwa wakaendelea kufungwa. Ndipo tuje kwenye ugonjwa ambao Wachewa huuita chiwewe. Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre ilijulikana na madaktari kwa idadi kubwa ya watoto waliokufa humo kwa kichaa cha mbwa. Mwaka 2015 shirika la Mission Rabies lilishirikiana na mamlaka za huko likachanja mbwa zaidi ya 35,000 wa jiji hilo ndani ya siku 20 za kazi, kwanza kwa kuwaita wenye mbwa kwenye vituo, kisha kwa kupita nyumba kwa nyumba. Shule zilifundishwa namna ya kusimama kimya mbele ya mbwa badala ya kukimbia. Lilongwe nako, chama cha kuwalinda wanyama, LSPCA, kimekuwa kikichanja na kuhasi mbwa, na habari za Blantyre zilienda mbali kuliko chanjo zenyewe. Watu wakajua kwamba kuna kitu cha kufanya kabla ya kuumwa. Na baada ya kuumwa pia: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda ukachomwe, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Hapa watu wetu wa Kongo walikuwa na kizuizi chao, lile jiwe jeusi la mfupa uliochomwa ambalo hubandikwa kwenye jeraha la nyoka. Aliyelibandika kwenye jeraha la mbwa alijipa moyo bure. Kirusi hiki hakiko kwenye damu ili kinyonywe. Hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Wiki hizo ndizo nafasi pekee ya chanjo kufanya kazi.

Mtazame sasa mwenye mbwa kwenye foleni ya chanjo. Kamba yake ni kipande cha mpira wa baiskeli au kitambaa cha kitenge kilichosokotwa. Mara nyingi anayemleta mbwa ni mtoto, kwa kuwa mtoto ndiye anayeshinda naye. Mbwa aliyezoea mikono husimama kati ya magoti ya mtoto, mchanjaji anavuta ngozi ya shingo, sindano inaingia na kutoka kabla mbwa hajageuka. Yule wa mnyororo na pilipili haletwi, kwa sababu mwenyewe anamwogopa. Au analetwa akipiga makelele, kitanzi kinamkaba, mbwa wengine wanataharuki, na mwisho anarudishwa kwao bila chanjo. Hapo panaonekana ubovu wa ushauri wa zamani kuliko mahubiri yoyote: mbwa aliye rahisi kuuma watu ndiye aliye mgumu kuchanja. Wenye mbwa walioliona hilo hawakuhitaji kuambiwa wawe na huruma. Walianza kuulizana namna ya kumfanya mbwa ashikike, na majibu yakapatikana kidogo kidogo. Mguse masikio akiwa anakula. Mnyanyue mguu mmoja kila siku, umwachie kabla hajaanza kupinga. Mfungue mdomo, mpe ndagala, uufunge. Mzoeshe kamba akiwa mdogo, siyo asubuhi ya siku ya chanjo.

Wapo wanaosema mbwa bila fimbo hafundishiki, na kwamba lazima ajue bwana ni nani. Fikra hiyo haikuzaliwa Afrika peke yake. Huko Ulaya ilipewa heshima ya kitabu na wafunza mbwa wa polisi na jeshi kama Mjerumani Konrad Most, aliyeandika mwaka 1910, kisha ikapata nguvu mwaka 1947 kutokana na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa wa ukoo mmoja, wakawa wanapigania cheo. David Mech, aliyeieneza fikra hiyo kwa kitabu chake cha 1970, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuwatazama mbwa mwitu huru: kundi ni baba, mama na watoto wao, na hakuna vita ya kila siku ya nani atawale. Lakini kwa nini tuende mbali hivyo wakati ushahidi uko Morogoro? Shirika la APOPO, likiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mdogo wa kidude cha mkononi na kupewa ndizi. Akikosea, hapati kitu. Hakuna kiboko. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Anayesema mbwa haelewi bila kupigwa atueleze panya ana akili gani ya ziada.

Pingamizi la walinzi ni zito zaidi: mbwa aliyezoea kushikwa atamkaribisha mwizi. Inabidi tuulize mbwa anatulinda kwa kitu gani hasa. Kinachomkimbiza mwizi ni kelele, na kubweka hakutaki mbwa awe mwoga wala mwenye njaa. Mbwa anayewajua watu wa mtaa hubweka akisikia hatua ngeni; yule wa mnyororo huwabwekea wote, mchana na usiku, mpaka wenye nyumba wanaacha kumsikiliza. Na wezi wa Lilongwe wanajua sana kwamba mbwa aliyeshindishwa njaa ili awe mkali ndiye anayepokea nyama yenye sumu bila kusita.

Kuhusu chakula, ni kweli kabisa kwamba kambini mgao wa WFP umepunguzwa zaidi ya mara moja, na mtu anayehesabu unga wa watoto hana haja ya kusikia habari za zawadi za mbwa. Ila mafunzo haya hayaongezi kijiko. Ni bugali ule ule na pumba zile zile, tofauti ni kwamba mbwa hatupiwi sufuria nzima chini. Anapewa kwa mkono, tonge kwa tonge, na kila tonge lina kazi. Wasomali na Waislamu wa Burundi wana hoja yao pia, ya najisi ya mate, nayo haidharauliwi. Fiqhi ya Kishafi hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, na kumzoesha kamba hakumlazimishi mtu kulambwa. Pemba, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, kiliutokomeza ugonjwa huu kufikia 2014 kwa kuchanja mbwa. Ulipoingizwa tena mwishoni mwa 2016 chanjo za kila mwaka zikarudishwa, na kufikia Oktoba 2018 ukatokomezwa tena. Wapemba hawakuacha madhehebu yao ili kufanya hivyo.

Palipobaki pagumu ni kwa mbwa jike. Mtaa mzima utampongeza mwenye dume linaloshikika, lakini jike humletea mwenyewe madume ya kambi nzima mlangoni, mapigano, na baada ya siku kama 63 watoto sita au wanane ambao hana pa kuwapeleka. Ndiyo maana watoto wa mbwa walio majike hutupwa wangali hawajafumbua macho, na ndiyo maana kando ya barabara za Lilongwe hawakosekani vijana wanaonyanyua watoto wa mbwa mbele ya vioo vya magari, wengine wadogo mno kuachishwa ziwa. Jambo hili linarudi kwenye sindano moja kwa moja. Ili kichaa kisienee inatakiwa mbwa kama 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa, na kila uzao mpya unaishusha hesabu hiyo hata kama hakuna mbwa mzee aliyekosa chanjo. Kuhasi jike kunahitaji daktari, dawa ya usingizi na siku kadhaa za kukitunza kidonda kisilambwe, na daktari huyo yuko Lilongwe, umbali wa saa moja kwa gari, wakati mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Kwa hiyo mwenye jike hapa Dzaleka hupewa bado ushauri ule ule wa zamani, amfunge.