Vigae vya Kichina katika Sinagogi la Kochi

Wakenya wengi wanaofika jimbo la Kerala, kusini mwa India, huenda kutafuta matibabu. Ndivyo nilivyofika mji wa Kochi mimi pia, nikimsindikiza shangazi yangu aliyekuwa akiugua moyo. Siku mbili kabla ya kurejea nyumbani, daktari alimruhusu kutembea kidogo, nasi tukapanda tuktuk hadi mtaa wa Mattancherry, ambako iliki na pilipili manga huuzwa kwa magunia na hewa yote inanukia pilau.

Mwisho wa kichochoro kimoja limesimama sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, lililojengwa mwaka wa 1568. Ukilitazama kwa nje, msomaji, huoni ajabu kubwa: kuta nyeupe na mnara wa saa uliojengwa mwaka wa 1760. Lakini saa hiyo ina mambo! Uso mmoja una tarakimu za Kiebrania, mwingine za Kirumi na mwingine za Kimalayalam, lugha ya wenyeji. Kiwanja chenyewe kilitolewa na mfalme wa Cochin, ubavuni mwa kasri lake, hata hekalu lake la Kihindu likapakana na sinagogi. Wareno waliliharibu mwaka wa 1662, likajengwa upya baada ya Waholanzi kuuteka mji.

Ndani huingii na viatu. Sakafu yote ni vigae vya rangi ya buluu na nyeupe vilivyoletwa kutoka Canton, China, katika karne ya 18. Vilichorwa kwa mkono, na inasemekana hakuna viwili vinavyofanana. Nilijaribu kuthibitisha, nikachoka nilipofika cha arobaini hivi. Darini zinaning'inia taa za vioo kutoka Ubelgiji. Katikati pana mimbari yenye uzio wa shaba unaong'aa, na juu kwenye roshani pana mimbari ya pili, kama ilivyo desturi ya masinagogi ya Kerala. Limo pia zulia lililotolewa na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia.

Shangazi, mzaliwa wa Mambrui, aliinama akakitazama kigae kimoja kwa muda.

"Mwanangu, hizi si sahani za makaburi yetu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwao Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za Kichina, kazi ya karne nyingi zilizopita. Bahari ni moja, na pepo za kaskazi na kusi zilisukuma majahazi ya pande zote mbili.

Hata hivyo, si kila Myahudi aliyeruhusiwa kuketi juu ya uzuri huo. Sinagogi hili huitwa Paradesi, maana yake wageni, kwani waanzilishi wake ni Wayahudi waliotoka ng'ambo, wakiwemo waliokimbia mateso ya Hispania na Ureno. Walipofika Kochi waliwakuta Wayahudi wengine waliokuwa wameishi huko tangu zamani, weusi kama wenyeji wa Kerala, lakini wakakataa kuwatambua kuwa sawa nao. Wazao wa watumwa walioachwa huru walisali humu humu, ila hawakupewa viti. Walikaa kwenye chumba cha mbele, karibu na mlango.

Aliyesimama kidete ni wakili mmoja wa ukoo huo, Abraham Barak Salem, aliyezaliwa mwaka wa 1882. Alitumia mbinu za Gandhi za kugoma bila fujo ndani ya nyumba ya ibada yenyewe, na hatua kwa hatua vikwazo vikaondolewa. Kumbe muda uliobaki ulikuwa mfupi. Taifa la Israeli lilipoundwa mwaka wa 1948, Wayahudi wa Kochi walianza kuhamia huko kwa wingi, weusi kwa weupe. Leo waliobaki hawatoshi hata wale wanaume kumi wanaohitajika ili sala ya jamaa ifanyike. Walitumia karne kadhaa wakibishana nani akae wapi, na sasa viti vi wazi.

Nilimsimulia shangazi habari hizo huku tukizunguka polepole.

"Na huyo Salem alikuwa akikaa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Alikwenda akaketi pale, akakataa kuondoka hadi mlinzi alipokuja kufunga.