Daftari la Mgongoni

Sisi walimu twajua ya kuwa jambo lisiloandikwa daftarini ni rahisi kukanwa kesho. Kwa hiyo twamstahi kobe. Vigamba vya mgongo wake ni vya asili moja na kucha zetu. Hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hufungia ndani yake chembe za sumu alizokula au kunywa wakati ule.

Mwaka 2023 Cyler Conrad na wenziwe wa Marekani walitangaza vipimo vya vigamba vilivyohifadhiwa tangu zamani. Kobe mmoja wa jangwani alipatikana mwaka 1959 katika Utah, jirani na Nevada ambako mabomu ya atomiki yalijaribiwa tangu 1951. Mwingine alitoka Oak Ridge, Tennessee, palipotengenezwa urani ya mabomu. Katika vigamba vyao ilionekana urani iliyopita mikononi mwa watu, ijapokuwa ni kidogo mno.

Kobe hakuulizwa habari, wala hakushtaki. Alikula majani ya kwao tu. Basi tumwonapo mtoto akimpiga kobe mawe, tusiseme tu kwamba ni ukatili. Tumweleze ya kuwa anavunja daftari lisilo na nakala, na huenda habari zilizomo ni za maji tunywayo sote.